Mwenda Tezi na Omo: Maandalizi ya Mwaka wa Ughaibuni kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna mwanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu cha Kenya anavyoweza kuuandaa mwaka mmoja wa masomo au kazi katika nchi ya kigeni. Hoja kuu ni kwamba maandalizi ya mwaka huo yanapaswa kuanzia mwisho wake, yaani marejeo, kisha yarudi nyuma hatua kwa hatua hadi siku ya kujaza fomu ya kwanza. Makala yanaanza kwa kurejelea wasemaji wa Kiswahili waliokwenda Berlin kufundisha zaidi ya karne moja iliyopita, halafu yanachambua njia za kusafiri, ratiba ya maandalizi, masharti ya kisheria, fedha, na utayarifu wa kufundisha lugha kwa wageni.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kimevuka mipaka ya Afrika Mashariki kitambo. Nchini Marekani, ndiyo lugha ya Kiafrika inayosomwa na wanafunzi wengi zaidi vyuoni. Nchini Ujerumani, kinafundishwa katika vyuo vikuu kadhaa, vikiwemo Bayreuth, Leipzig na Hamburg. Bayreuth, isitoshe, kimekuwa mwenyeji wa Kongamano la Kiswahili tangu mwaka 1987. Mwaka 2021, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hali hii imemfungulia mwanafunzi wa Kiswahili milango ambayo wenzake wa taaluma nyingine hawana: anaweza kwenda ng'ambo kusoma, na anaweza pia kuitwa huko kwa sababu ya lugha anayoijua.

Hata hivyo, kufunguliwa kwa mlango si sawa na kuwa tayari kuingia. Mara nyingi mwanafunzi hujiandaa kwa mambo mawili tu: mahojiano na safari ya ndege. Yanayofuata baada ya hapo huachiwa bahati. Matokeo yake ni kwamba muhula wa kwanza hupotea katika kutafuta makazi na kuzoea baridi, wa pili hupotea katika hofu ya kurudi nyumbani mikono mitupu, na mwaka mzima huisha kama moshi. Mwaka mmoja wa masomo ni takriban miezi tisa. Muda huo ni mfupi kiasi kwamba anayeanza kupanga baada ya kufika huwa amekwisha kuchelewa.

Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii ya mabaharia ndiyo msingi wa makala haya. Mtu huweza kwenda nyuma ya chombo au mbele yake, lakini mwisho atarudi katikati, palipo na mzigo wake. Kwa hivyo, swali la kwanza la msafiri si atafikaje, bali atakaporudi ngamani atakuta nini.

2.0 Waliotangulia

Safari za kwenda kufundisha Kiswahili ughaibuni si jambo geni. Mwaka 1887, chuo kilichoitwa Seminar für Orientalische Sprachen kilifunguliwa mjini Berlin, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizofundishwa humo. Mpangilio wa kazi ulikuwa bayana: mwalimu wa Kijerumani alieleza sarufi, naye msaidizi kutoka Afrika Mashariki alisoma, akatamka na kuzungumza na wanafunzi. Mmoja wa wasaidizi wa mwanzo alikuwa Amur bin Nasur kutoka Unguja, aliyefanya kazi hiyo katika miaka ya 1890. Maandishi yake yalichapishwa katika mkusanyiko wa C. G. Büttner uliotoka mwaka 1894.

Anayejulikana zaidi ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900. Wanafunzi wa Kiswahili wanamkumbuka kwa mchango wake mkubwa katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Maisha yake nje ya kitabu hicho yanafaa kuzingatiwa na kila anayefunga mizigo leo. Alikuwa msomi wa dini na lugha, lakini chuoni cheo chake kilikuwa cha chini, na baadhi ya wanafunzi hawakumpa heshima anayostahiki mwalimu. Alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 walipojaribu kurejea pamoja Afrika Mashariki, utawala wa kikoloni haukukubali mkewe aingie nchini, nao wakalazimika kurudi Ujerumani. Mtoro alifariki mwaka 1927 akiwa huko huko.

Mazingira ya kikoloni ya wakati ule hayalingani na ya sasa, na haifai kuyalinganisha kijuujuu. Hata hivyo, yapo mafunzo matatu yasiyochakaa. Kwanza, msaidizi wa lugha anaweza kuchukuliwa kama sauti ya kuigwa badala ya mwalimu wa kusikilizwa, isipokuwa majukumu yake yameandikwa waziwazi. Pili, mtu huweza kuondoka kwa hiari yake na bado marejeo yake yakategemea sheria ambayo hakuitunga. Tatu, kinachobaki baada ya safari ni kile kilichoandikwa. Mshahara wa Mtoro umekwisha kusahauliwa. Kazi yake ingali inasomwa.

3.0 Njia Tatu za Kusafiri

Kabla ya kupanga chochote, mwanafunzi anapaswa kujua anasafiri kwa njia gani, kwa kuwa kila njia ina masharti yake na ina marejeo yake.

3.1 Mabadilishano baina ya vyuo

Katika njia hii, mwanafunzi husalia kuwa wa chuo chake cha nyumbani, akasoma muhula mmoja au miwili katika chuo mwenyeji. Mfano mashuhuri ni programu ya Erasmus+ ya Umoja wa Ulaya. Nguzo yake ni makubaliano ya masomo, hati inayotiwa saini na pande tatu kabla ya safari: mwanafunzi, chuo kinachomtuma na chuo kinachompokea. Hati hiyo hutaja kozi zitakazosomwa na kozi za nyumbani ambazo zitahesabiwa kuwa zimetimizwa. Barani Ulaya, mwaka mzima wa masomo huhesabiwa kuwa krediti 60, na krediti 1 huchukuliwa kuwa kazi ya saa 25 hadi 30, ikiwa ni pamoja na saa za kujisomea. Mwanafunzi ambaye idara yake haijaeleza mapema namna krediti hizo zitakavyogeuzwa anaweza kurudi na matokeo mazuri, kisha akaambiwa arudie mwaka.

3.2 Usaidizi wa ualimu wa lugha

Njia ya pili humfaa aliyekwisha kuhitimu shahada ya kwanza. Mfano wake ni programu ya Fulbright ya wasaidizi wa kufundisha lugha za kigeni, inayofahamika kwa kifupi kama FLTA. Fulbright yenyewe ilianzishwa nchini Marekani mwaka 1946. Msaidizi hufundisha lugha yake, au humsaidia mwalimu, kwa muda usiozidi saa 20 kwa wiki, na wakati huo huo husoma angalau kozi mbili kila muhula. Programu hii haitoi shahada. Jambo hili ni muhimu, kwa maana wapo wanaodhani watarudi na shahada ya uzamili, na jamaa zao wakaanza kuwangojea kwa matumaini hayo.

3.3 Kujigharimia

Njia ya tatu ni ya anayelipa mwenyewe. Hapa ushahidi wa fedha ndio kizingiti. Ujerumani, kwa mfano, humtaka mwombaji wa viza ya masomo aonyeshe kwamba anaweza kujikimu, na njia ya kawaida ni akaunti iliyozuiwa. Kiwango kilichowekwa mwaka 2024 kilikuwa yuro 11,904 kwa mwaka, ambazo mwanafunzi huruhusiwa kutoa yuro 992 tu kila mwezi. Tangu mwaka 2024 pia, mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya ameruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima, au nusu siku 280, kwa mwaka. Ni wazi kwamba kibarua hakiwezi kuwa msingi wa mpango. Kinaweza tu kuwa nyongeza.

4.0 Ratiba ya Kurudi Nyuma

Haraka haraka haina baraka, lakini katika jambo hili hata polepole isiyo na tarehe haina baraka. Tuchukue mfano wa mhitimu anayetarajia kuondoka Nairobi mwezi wa Agosti, unapoanza mwaka wa masomo wa Marekani. Anapohesabu kurudi nyuma, ratiba yake huwa kama ifuatavyo.

Miezi 18 kabla ya safari, yaani Februari ya mwaka uliotangulia, anakagua vyeti. Jina lililo katika cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha KCSE na hati za chuo kikuu lazima liwe moja, kwa tahajia moja. Tofauti ya herufi moja, au jina la babu lililoachwa katika cheti kimoja, huweza kuchelewesha pasipoti na viza. Marekebisho kama haya huhitaji hati ya kiapo au kubadilisha jina kisheria, na hayafanyiki kwa siku mbili. Pasipoti nayo iwe na uhai unaovuka tarehe ya kurejea kwa miezi sita au zaidi.

Miezi 15 kabla, anatafuta tangazo rasmi la mwaka wake. Neno "rasmi" lisisitizwe. Masharti ya umri, tarehe za mwisho na nyaraka hubadilika, na maelezo ya aliyesafiri miaka mitatu iliyopita ni ushauri tu, hayachukui nafasi ya tangazo. Aidha, tangazo la kweli la ufadhili wa serikali halimtaki mwombaji atume "ada ya kushughulikiwa" kwa simu ya mtu binafsi.

Miezi 14 hadi 12 kabla, anaandika maombi. Wahadhiri watakaomwandikia barua za mapendekezo wanapaswa kupewa muda wa wiki tatu au nne, pamoja na wasifu wa mwombaji na maelezo ya programu. Mhadhiri asiyejua anamwombea mwanafunzi nafasi gani ataandika kwamba ni mtiifu na mwenye bidii, maneno yanayomfaa kila mtu na kwa hivyo hayamfai yeyote. Mtihani wa Kiingereza, kama vile TOEFL au IELTS, nao upangwe kwa kuzingatia kwamba matokeo yake hutambuliwa kwa miaka miwili.

Miezi 6 kabla, akiwa amechaguliwa, anashughulikia mambo ya nyumbani: kazi, mkopo, mipango ya jamaa. Mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma ya Walimu hana budi kuomba ruhusa kwa maandishi na kusubiri jibu kwa maandishi. Kuondoka kwa ahadi ya mdomo ya mwalimu mkuu ni kuhatarisha ajira. Mwanafunzi ambaye hajamaliza shahada huomba kuahirisha masomo kupitia idara na kitivo chake, naye huhifadhi nakala ya barua ya kukubaliwa.

Miezi mitatu ya mwisho ni ya viza, bima, makazi na, zaidi ya yote, maandalizi ya somo.

5.0 Mkataba na Sheria

Anayepokea barua ya kukubaliwa huisoma kwa furaha. Inafaa aisome mara ya pili kwa tuo, kalamu mkononi, akitafuta majibu ya maswali saba: Atafanya kazi saa ngapi kwa wiki, na je, saa za kusahihisha zimehesabiwa? Atafundisha peke yake au chini ya mwalimu mwingine? Atakaa wapi na kwa gharama ya nani? Posho italipwa tarehe gani, na ya kwanza itamfikia baada ya siku ngapi? Bima inagharimia nini? Tikiti ya kurudi imo? Na iwapo patazuka mzozo, amwendee nani? Swali lisilojibiwa na barua liulizwe kwa maandishi kabla ya kutia saini. Kuuliza si utovu wa adabu. Mwenyeji makini hufurahia msaidizi anayejua anachokiendea.

Kwa anayekwenda Marekani kwa programu ya mabadilishano, hati ya msingi ni fomu DS-2019, inayomwezesha kuomba viza ya J-1. Viza hii ina masharti mawili yanayostahili kueleweka barabara. La kwanza ni kwamba mwenye viza haruhusiwi kufanya kazi yoyote nje ya ile iliyoidhinishwa na programu yake. Kibarua cha wikendi, hata kiwe kidogo namna gani, huweza kumfutia hadhi yake ya kisheria. La pili ni kanuni ya miaka miwili. Anayegharimiwa na serikali hutakiwa kukaa katika nchi yake kwa jumla ya miaka miwili kabla ya kustahiki viza fulani za kazi au ukazi wa kudumu nchini Marekani. Kanuni hii haimzuii kurudi huko kwa matembezi, wala haimfungii viza ya mwanafunzi. Hata hivyo, ni ishara kwamba programu yenyewe imejengwa juu ya marejeo. Muda wa programu ukiisha, mwenye J-1 hupewa siku 30 za kujiandaa kuondoka.

Bima inahitaji uangalifu wa pekee, kwani matibabu nchini Marekani ni ghali mno. Sheria humtaka mwenye viza ya J-1 awe na bima inayoweza kugharimia angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali. Pamoja na hayo, bima nyingi za aina hii hazigharimii matibabu ya kawaida ya meno na macho. Ni busara basi kung'oa jino bovu na kununua miwani nyumbani kabla ya kusafiri. Kuhusu kodi, Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuepusha kodi maradufu. Msaidizi atahitajika kujaza fomu za kodi kabla ya katikati ya Aprili, hata pale ambapo hadaiwi kitu.

6.0 Fedha na Jamaa

Huenda hakuna sehemu iliyo ngumu kuizungumzia kuliko hii. Kijana anapokwenda ng'ambo, ukoo mzima husafiri naye kwa matumaini. Karo ya mdogo wake, dawa za nyanya, paa la nyumba ya wazazi, yote huanza kuangaliwa kupitia kwake. Matarajio hayo si ya kulaumiwa. Pengine ng'ombe aliuzwa ili mtoto huyo asome, na aliyepanda ana haki ya kutazamia mavuno. Tatizo ni hesabu.

Chukua mfano wa kubuni wa posho ya dola 700 kwa mwezi. Kwa kiwango cha mwaka 2025 cha takriban shilingi 129 kwa dola, hizo ni shilingi 90,300. Zikitajwa kijijini, ni fedha nyingi. Lakini iwapo kodi ya chumba ni dola 400, chakula dola 180, na nauli na simu dola 70, kinachosalia ni dola 50, na bado koti la baridi halijanunuliwa. Kosa la kwanza la msafiri ni kuigeuza posho kuwa shilingi bila kuyageuza matumizi. Kosa hilo hufanywa pia na jamaa zake, wala hawana namna ya kulitambua, maana hawajaambiwa.

Suluhisho ni kikao cha familia kabla ya safari. Katika kikao hicho mwanafunzi, kwa heshima na unyenyekevu unaostahili mbele ya wazee, anaeleza mambo matatu: kwamba anakwenda kusoma na kufundisha kwa miezi tisa, kwamba posho ni ya kujikimu, na kwamba atatuma kiasi fulani, kilichotajwa, kwa jambo fulani, lililotajwa, au hatatuma chochote hadi atakaporudi. Ahadi ndogo inayotimizwa hujenga imani kuliko ukimya unaofasiriwa kuwa uchoyo. Ni vyema pia mzee mmoja anayeheshimika, kama vile mjomba au shangazi, awe ndiye wa kupokea maombi yote, ili kijana asiamshwe kila usiku na simu za watu kumi.

Mkopo wa HELB usisahaulike. Mkopaji hutarajiwa kuanza kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kukamilisha masomo, na kuwa nje ya nchi hakufuti deni. Anayeondoka kimya huweza kurudi na kukuta faini zimelimbikizana. Dawa ya deni ni kulipa. Na pale isipowezekana kulipa, dawa yake ya muda ni kuandika barua mapema.

Mwisho, pawepo akiba ya dharura. Machi 2020, janga la UVIKO-19 lilipozuka, vyuo vingi vya Marekani vilihamishia masomo kwenye intaneti na kuwaambia wanafunzi waondoke mabwenini. Februari 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha kwa muda fedha za programu za mabadilishano, na baadhi ya waliokuwa katika programu hizo wakacheleweshewa posho. Matukio haya yanaonyesha kwamba hata ufadhili wenye jina kubwa hutikisika. Msafiri awe na fedha za kumtosha mwezi mmoja ambazo hazimo katika hesabu ya matumizi ya kila siku.

7.0 Msemaji Sharti Awe Mwalimu

Mwanafunzi aliyekulia katika Kiswahili hudhani kwamba kukifundisha ni kukisema polepole. Juma la kwanza darasani humthibitishia vinginevyo. Mwanagenzi atauliza: kwa nini ni "rafiki yangu amefika" wala si "rafiki wangu amefika" au "rafiki yangu imefika"? Kujibu kwamba ndivyo tusemavyo ni kukiri kushindwa. Mwalimu aliyejiandaa ataeleza kwamba nomino za uhusiano wa karibu zisizo na kiambishi cha umoja na wingi, kama vile rafiki, mama na dada, huchukua kimilikishi cha ngeli ya I-ZI (mama yangu, dada zangu), ilhali kitenzi na kivumishi hufuata uhai wa nomino (mama yangu mpole amefika).

Suala la ngeli lina utata zaidi. Mwanafunzi wa Kenya amezoea majina ya ngeli yanayotokana na upatanisho wa kisarufi: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI na kadhalika. Vitabu vingi vinavyotumiwa na wageni hutaja ngeli kwa viambishi vya nomino, kama vile M-WA na M-MI, au kwa nambari, kwa kufuata utaratibu wa wanaisimu ulioanza na Bleek katika karne ya 19. Hivyo, ngeli ya A-WA hulingana na nambari 1 na 2, U-I na 3 na 4, LI-YA na 5 na 6, KI-VI na 7 na 8, I-ZI na 9 na 10. Ulinganifu huu haukamiliki kila mahali. "Kijana" ana umbo la KI-VI, lakini husemwa kijana amefika, vijana wamefika. Anayetoka Kenya bila kuujua mfumo wa pili atajikuta akimkosoa mwalimu mwenyeji ambaye hajakosea.

Hali kadhalika, msamiati. Mkenya atasema kiamsha kinywa, chajio na tarakilishi. Vitabu vilivyoandikwa Tanzania vitasema kifungua kinywa, chakula cha jioni na kompyuta. Darasani patakuwepo pia mwanafunzi aliyewahi kukaa Unguja ambaye ataamkia "shikamoo" na kutarajia "marahaba", salamu ambayo vijana wengi wa bara ya Kenya huitumia kwa nadra. Mwingine ataleta neno la Sheng alilolisikia katika wimbo. Mwalimu mwenye busara hatangazi kwamba Kiswahili chake ndicho na cha wengine sicho. Huonyesha kila neno linatumika wapi, na nani, na katika muktadha gani. Hilo ni somo la isimujamii, na pengine ndilo somo bora atakalolitoa mwaka mzima.

Isitoshe, mbinu ya ufundishaji hutofautiana. Vyuo vingi vya Marekani huongozwa na viwango vya umilisi vya ACTFL, vinavyouliza mwanafunzi anaweza kutenda nini kwa lugha: je, anaweza kusalimu, kuuliza bei, kusimulia alivyoshinda jana? Mwalimu aliyezoea kuandika kanuni ubaoni na kudai mifano mitano atalazimika kugeuka. Kwa mfano, somo la saa si orodha ya nambari. Ni kumwezesha mgeni aliyeambiwa aje "saa mbili asubuhi" ajue kwamba kwa hesabu ya kwao anangojewa saa nane. Miezi mitatu kabla ya safari, mwanafunzi angefaa kuandaa masomo kumi ya aina hii na kuyajaribu mbele ya wenzake chamani. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina nafasi nzuri ya kuandaa mazoezi hayo.

8.0 Marejeo

Turudi ngamani. Mwaka wa ughaibuni hupimwa kwa kilichobaki mkononi baada ya mwaka. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuondoka, mwanafunzi aandike ukurasa mmoja unaojibu swali hili: siku ya mia moja baada ya kurudi, atakuwa akifanya nini? Akijibu kwamba atakuwa akisoma uzamili, basi kozi atakazochagua huko zifae pendekezo lake la utafiti, na akumbuke kuomba hati rasmi ya matokeo kabla ya kuondoka. Akijibu kwamba atakuwa akifundisha wageni nchini Kenya, ahifadhi kila zoezi, kila kanda na kila mpango wa somo. Akijibu kwamba atarudi katika shule yake ya upili, atafute mbinu mbili au tatu zinazoweza kutumika katika darasa la wanafunzi hamsini lisilo na kompyuta.

Wapo watakaoshawishika kutorudi. Makala haya hayawahukumu, kwa kuwa kila mtu anaijua njaa ya kwao. Ila sheria ibainishwe: anayekaa baada ya muda wake kwisha huishi mafichoni, hupoteza nafasi ya kutumia elimu yake, na hufanya iwe vigumu kwa wanaomfuata kuaminiwa. Anayetaka kuishi ughaibuni ana njia halali, na iliyo karibu zaidi na mwanataaluma ni kurudi, kutimiza masharti, kisha kuomba nafasi ya masomo ya juu.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kupanga mwaka wa ughaibuni ni kazi ya miezi 18 inayoanza na swali la marejeo. Imebainika kwamba njia ya safari huamua masharti, kwamba mkataba husomwa kabla ya kusainiwa, kwamba jamaa huelezwa ukweli wa fedha mapema, na kwamba msemaji wa Kiswahili hana budi kujifunza upya lugha yake ndipo aifundishe. Idara za Kiswahili zinapendekezewa kutenga mhadhiri mmoja wa kuwashauri wanaosafiri, na vyama vya wanafunzi kuwaalika waliorudi ili waeleze waliyoyaona, yakiwemo machungu. Amur bin Nasur na Mtoro bin Mwinyi Bakari hawakuwa na mtu wa kuwaeleza. Mwanafunzi wa leo anao wengi. Kilichobaki ni kuwauliza kabla chombo hakijang'oa nanga.